Ujumbe wa Rambirambi wa Tangi Tele

Nthenya hakuwa mtu wa makuu, na nasema hivyo kwa kumsifu. Alikaa mtaa wa Huruma hapa Nairobi, ghorofa ya tano, na kila asubuhi alishika njia ya Baba Dogo kwa miguu hadi ofisini kwetu, upande wa Lucky Summer, akaingia saa moja na nusu viatu vikiwa vimeshafutwa vumbi. Kwa miaka saba meza zetu zilitazamana. Mimi Shamsia natoa risiti, yeye anajibu wateja wa Tangi Tele, kampuni yetu ya matangi ya maji. Kama uliwahi kupiga simu ukifoka kwamba tangi lako linavuja, ile sauti iliyokutuliza ilikuwa yake. Mimi ningekujibu vingine.

Meneja wetu, Bwana Kweyu, alikuwa na vita na intaneti. Simu zetu zilibaki langoni, ndani ya sanduku la mlinzi, mpaka jioni. Kompyuta zote zilifungiwa kila kitu ila kazi. Muoki wa stoo alimwaga unga mwezi wa tatu kwa sababu ya dakika ishirini za mpira: saa nane tulikuwa naye, saa tisa yuko nje ya geti na katoni yake mkononi. Kompyuta ya Nthenya peke yake ndiyo iliyokuwa na Facebook, kwa kuwa ndiye aliyeshika ukurasa wa kampuni. Hata hivyo naye alikuwa ameshapewa barua. Alikuwa ameshikwa akiangalia mapazia ya mtumba, na barua ikasema wazi kwamba hilo ni onyo la mwisho. Ana binti wa Gredi ya Tisa na hakuna baba wa kusaidia. Tangu siku hiyo sikumwona akifungua hata habari za hali ya hewa.

Kisha Mbinya, mwanamke aliyemlea Nthenya, akafariki kwao Makueni, na ikapangwa azikwe Alhamisi. Nthenya akaingia kwa Kweyu kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa humo humo nikingoja sahihi.

"Marehemu ni nani wako?" Kweyu akauliza.

"Ni mama, bosi."

Kweyu akavuta faili, akapitisha kidole. "Mama ulimzika 2021. Tulikupa siku tano, iko hapa. Sasa huyu ni mama gani tena?"

Vijana wa mauzo waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Nthenya akainamisha uso.

"Ni jirani wa nyumbani," akasema.

"Jirani hayuko kwa sheria ya likizo. Na vile watu wanatafuta matangi huu ukame! Rudi kazini, mama."

Mchana, kwenye kibanda cha chakula, alinieleza. Mbinya hakujaliwa kuzaa. Kwa Wakamba, mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa mke, akatoa mbuzi na ng'ombe kama mwanamume yeyote, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Ndivyo alivyoolewa mama mzazi wa Nthenya, yule aliyezikwa 2021. Nthenya, mdogo wake Wavinya na kitindamimba Mumo walikua wakimjua Mbinya ndiye mwenye boma. Yeye ndiye aliyewabeba kuwapeleka kliniki, ndiye aliyewachapa, ndiye aliyeuza ng'ombe ili Nthenya asome. Walimwita mwaitu, neno ambalo kwa Kikamba ni mama.

Sikucheka. Lakini nakiri kuna maswali ya kipuuzi yalinijia mdomoni nikayameza.

"Ningewaelezaje wale vijana?" akaniuliza. "Wangenicheka mpaka Krismasi. Lakini Shamsia, nimemwita jirani. Mwaitu, nimemwita jirani!" Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Alhamisi alikuja kazini amevaa nguo nyeusi. Wavinya alikuwa amemwambia kwamba mazishi yatarushwa moja kwa moja kwenye Facebook, kama wafanyavyo watu siku hizi kwa ajili ya jamaa walio mbali. Ilipofika saa tano, nikamwona ameinama mbele ya skrini kuliko kawaida, amevaa vile vidude vya masikioni vya kupokelea simu za wateja. Nikachukua faili lisilo na maana yoyote, nikaenda kusimama kando yake kuziba njia ya macho.

Pembeni mwa skrini, kwenye kidirisha kidogo, palikuwa na hema, jeneza na watu wengi. Akanisogezea kidude kimoja. Nikasikia kwaya.

"We mwanamke, una wazimu?" nikamnong'oneza. "Barua ya mwisho umeisahau?"

"Dakika kumi tu."

Visigino vya Kweyu vikalia sakafuni. Nthenya akakifunika kidirisha kwa malalamiko ya mteja, nami nikarudisha kidude mezani. Kweyu akaja akasimama nyuma yetu kabisa, akanusa hewa.

"Yule mteja wa mtaa wa Fedha aliyepasukiwa na tangi, umemjibu?"

"Ndiyo, bosi. Fundi anaenda leo saa nane. Nimemwambia afunge mfereji mkuu kwanza."

Sauti haikutetereka hata kidogo, na sikio lake moja limejaa nyimbo za kumzika mama yake. Kweyu akaguna, akaenda zake. Ningekuwa na akili ningerudi kwenye risiti zangu, lakini nilibaki; Nthenya akakifunua kidirisha, nami nikakirudisha kidude sikioni.

Emsii aliyeendesha mazishi alikuwa akisoma majina ya watoto wa marehemu, Kikamba na Kiswahili vimechanganyika. "Kifungua mimba ni Nthenya. Nthenya yuko wapi?" Bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba wa Nairobi hakuja. Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa mchanga wa kwanza kaburini, na nafasi hiyo haichukuliwi bila neno lake. Emsii akaigeukia kamera. "Nthenya, kama unatuona, tuandikie nani akushikie nafasi. Tunakungoja kidogo."

Nthenya akaandika: *Ni mimi Nthenya. Mumo anitupie mchanga. Mwaitu, nisamehe. Lala salama.* Akatuma.

Ujumbe ukatokea. Kando yake, mahali pa sura ya mtu, palikuwa na tangi la buluu. Jina lilisomeka Tangi Tele. Hakuwa ameingia kwa jina lake. Alikuwa kwenye ukurasa wa kampuni, kama siku zote.

"Futa!" nikamwambia. "Kweyu anao ukurasa huo kwenye simu yake. Futa haraka!"

"Bado hawajausoma."

"Nthenya, utafutwa wewe!"

"Nikiufuta sasa, Mumo hatajua. Watasema nilikataa." Akautoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani, na mkono wa pili ukaushika ule wa kwanza.

Emsii alikuwa anakodolea simu yake macho. "Tumepokea rambirambi kutoka kampuni ya Tangi Tele, Nairobi! Wapigieni makofi!" Watu wakapiga makofi. Kisha akaendelea kusoma, na sauti yake ikashuka. Akauliza, "Mumo yuko?"

Chini ya ujumbe, Wakenya wenzangu hawakungoja maiti ashushwe. Mmoja akauliza lita elfu moja ni bei gani. Mwingine akauliza kama tuna tawi mjini Wote, kule kwao Makueni. Huko ofisini kwa Kweyu nikaisikia simu ikilia ting, ikalia tena, ikalia mfululizo. Mlango ukafunguka.

"Nani ameandikia watu wa matanga kwa jina la kampuni?" Alikuwa ameishika simu juu kama anayetaka kumpiga mtu nayo. Ofisi nzima ikaacha kazi.

Ulimi wangu una mbio kuliko akili. "Ni wezi wa mitandao, bosi. Siku hizi wanaingia kwa kurasa za watu ovyo."

Kweyu akanitazama, akamtazama Nthenya, na wallahi niliona kwamba alitaka kuniamini. Katika ukame ule angempata wapi mwingine wa kutuliza watu wenye kiu? Akashusha sauti. "Nthenya, sema tu si wewe, turudi kazini."

Neno moja tu lilitakiwa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza ili aliseme.

"Ni mimi," akasema.

"Unahatarisha kazi kwa ajili ya jirani?"

"Si jirani. Nilisema uongo kwa sababu niliona haya. Ni mama yangu. Alimwoa mama aliyenizaa, akatulea, na mimi ni kifungua mimba wake." Aliyasema hayo akiwatazama vijana wa mauzo, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alianza kucheka, akaacha.

Kweyu akavuta pumzi. "Basi umejifuta kazi mwenyewe. Toka."

"Nitatoka, bosi. Wanatupa mchanga sasa."

Akawageuzia mgongo. Akakitanua kidirisha kikajaa skrini nzima. Kijana mwembamba mwenye koti linalompwaya aliinama, akachota mchanga kwa mkono wa kulia, akalitaja jina la Nthenya, akautupa. Kweyu alikuwa na uwezo wa kuchomoa waya ukutani, na hakuchomoa. Hilo nitampa. Kisha Nthenya akachukua sweta lake na kikombe, akapita katikati yetu bila kuaga. Sikumfuata. Niliogopa kazi yangu, ndiyo sababu, sina nyingine.

"Shamsia," Kweyu akasema, "keti hapo. Kuanzia leo ukurasa ni wako. Futa hicho kitu."

Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto lake. Majibu yalikuwa yameongezeka, na juu ya maswali ya bei sasa kulikuwa na moja la Wavinya: *Tumekuona, dada. Hata yule bibi amekuona.* Nthenya alikuwa hajafika hata getini kuchukua simu yake. Kweyu alikuwa anapumua nyuma ya shingo yangu. Nikabonyeza futa, na jibu la Wavinya likaenda pamoja na ujumbe.