Kebo Aliyoisuka Lornah Aoko

Kama ungefika Kondele, Kisumu, katikati ya miaka ya tisini ukauliza fundi wa redio, ungeonyeshwa wanaume kwanza. Lornah Aoko angetajwa mwisho, tena kwa kicheko. Mwenyewe hakujali mpangilio huo. Angekuambia, bila kuulizwa, kwamba wanaume hao huipiga redio makofi mpaka iongee, na kwamba ni yeye anayejua kwa nini ilinyamaza. Mdomo alikuwa nao, lakini mgala muue na haki umpe, mikono pia alikuwa nayo.

Alizaliwa Kisian, na mama yake ndiye aliyesuka nywele za wanawake wa barabara nzima ya Busia. Kabla hajajua kusoma, Lornah alijua kuigawa mistari ya kichwa ikanyooka. Ufundi wa umeme aliupata kwa mjomba wake Gordon, aliyemwachia kibanda chenye mlango wa bati, pamoja na mita ya kupimia umeme na solda ya kuunganishia waya. Tangu hapo kila waya uliopita mikononi mwake ulitoka umesukwa. Ukipeleka redio, ilirudi na waya uliosukwa vizuri kuliko kichwa chako.

Sisi akina mama wa kikundi cha Konyri tulikuwa tumeweka akiba ya kununua mashine ya kusaga mahindi. Mwenyekiti wetu, Mama Agneta Kageha, Mragoli aliyeuza nafaka sokoni Otonglo, alikuwa ameshachagua hata mahali pa kuiweka. Ndipo Lornah akasimama mkutanoni. Mradi mmoja wa samaki ulikuwa unafunga ofisi na kunadi laptopu kuukuu, pamoja na monita na doki, yaani kile kibao cha mezani ambacho laptopu huketishwa juu yake ipate umeme, kibodi na skrini kubwa. Akasema tufungue duka la kupiga chapa na kufundisha watoto wetu kompyuta, mahindi watasaga wengine. Aliongea mpaka tukapiga kura. Mimi nilikuwa upande wa mashine ya kusaga, na tulishindwa; vifaa vikanunuliwa na kuwekwa kwenye chumba tulichokodi.

Vioo vya laptopu zenyewe vilikuwa vimekufa, na hilo Lornah alilijua, ndiyo maana alizitaka monita. Asilolijua ni kwamba doki zilitengenezewa laptopu za toleo jipya zaidi. Umeme ulipita, kibodi ikaitika, picha ikakataa. Laptopu zetu zilitoa picha kwa soketi ya matundu tisa mgongoni, na mlango wa picha wa doki ulikuwa wa pini kumi na tano. Kebo ya kuunganisha hizo mbili haikuwepo Kisumu, na muuzaji mmoja wa Nairobi alimshauri kwa simu anunue laptopu mpya.

Mama Agneta hakupiga kelele. Alisema Jumamosi tukutane palepale kwenye chumba cha kompyuta, na Bwana Wanyonyi wa vyuma kuukuu aje na mkokoteni. Bila picha, vitu vinauzwa na Lornah anatoka kikundini. Wengi wakaitikia. Kwa mwanamke wa Kondele aliyeishi kwa kuaminiwa na watu wenye redio, kufukuzwa na wenzake kulikuwa sawa na kufungiwa kibanda.

Basi akaamua kuibuni kebo mwenyewe. Akafungua laptopu moja na doki moja, akafuata njia za shaba kwa mita, tundu baada ya tundu, kisha akachora kwa chaki kwenye mlango wa bati wapi rangi tatu za picha zipite na wapi zipite zile ishara za kupanga mistari ya picha. Mimi nilikuwa nauza mitumba mkabala naye, kwa hiyo niliona yote, na nilimtania kwamba mlango umekuwa ubao wa shule.

Kebo ya kwanza haikuleta kitu. Akapima tena akagundua laptopu haitoi picha mpaka ihisi kuna skrini upande wa pili. Pini moja ilitakiwa kufungwa kwenye waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme. Akaifunga, na monita ikawaka. Nilipiga vigelegele, kisha nikasogea nikaona. Kila herufi ilikuwa na kivuli kando yake, chekundu huku, kijani kule. Kusoma mstari mmoja ilikuwa adhabu.

Akalaumu plagi, akabadilisha plagi. Akalaumu solda, akachoma upya. Kitu ambacho hakukishuku hata kidogo ni msuko wake, maana waya zote alikuwa amezisuka pamoja, zimebana, zinang'aa, nzuri ajabu. Ijumaa kiungo kimoja kilikatika, ikabidi afumue kipande kidogo ili akifikie. Alipowasha kujaribu, kivuli kilikuwa kimepungua. Akafumua zaidi, kikapungua tena. Akafumua kebo yote, vivuli vikaisha, lakini kila mara jirani wa kuchomelea mageti alipowasha mashine yake, picha nzima ilitetemeka.

Aliketi akizitazama hizo waya zilizolegea, kisha akaanza kucheka peke yake. Akaniita.

"Nyamera, nilikuwa nasuka vibaya," alisema. "Kila rangi inataka kusokotwa na ethi yake, wao wawili tu. Mimi niliweka wote kwa kitanda moja."

Akazisokota mbili mbili, kila rangi na ethi yake, kisha akazilaza jozi hizo sambamba bila kuzisuka pamoja, rangi zisivujiane, kama mistari aliyofundishwa na mama yake.

Jumamosi tulijaa chumbani. Nje, Wanyonyi alikuwa ameegemea mkokoteni, na jirani alikuwa anachomelea geti kwa nguvu zake zote. Nilitamani kumwomba anyamaze. Lornah akachomeka kebo, akawasha, akarudi nyuma.

Herufi zilitokea nyeupe na safi, zimetulia. Mama Agneta aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akatafuta kivuli, hakukiona. Akasikiliza kelele za jirani, akatazama tena. Kisha akaenda mlangoni.

"Bwana Wanyonyi, rudi nyumbani," alisema. "Hapa hakuna chuma kuukuu."

Akarudi, akavuta kiti cha kwanza, akaketi mbele ya kibodi na kukunja mikono ya nguo.

"Haya, Fundi," akasema. "Nionyeshe mahali ya kuanzia."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo mbele ya watu. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akazima mashine yake kuja kuchungulia, na Lornah alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja.