Nilivyomwita Mpiga Ngoma Kupe Mbele ya Picha Yake

Jamani, aibu hii sijawahi kuisimulia, lakini kwa kuwa mmeshaanza kunicheka kabla sijasema kitu, basi sikilizeni mcheke kwa haki.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Bigwa, kijana wa Rungwe, suti ya Kaunda moja, kalamu tatu mfukoni (mbili hazikuandika), na nilimpenda Fides, binti wa Mzee Mkude, mpaka usingizi ulinikataa. Nilitaka kumwoa. Kwetu mwenye binti ni baba, kwa hiyo nguvu zangu zote nilizimalizia kwa Mzee Mkude: shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, sukari ya foleni nampelekea nusu. Fides akaniambia mara tatu, "Nenda Kinole ukaonane na mjomba," nami nikaona hizo ni adabu tu za Kiluguru, na Kinole kwenyewe ni juu mlimani, nitakwenda nikishakubaliwa.

Sasa kijiji kikafanya maonyesho ya kazi za mikono ndani ya ghala: vikapu, mikeka, na picha moja ya rangi za maji ya mpiga ngoma, kazi ya mwalimu wa sanaa ambaye siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Katibu wa kijiji akauliza nani ataieleza picha kwa wananchi. Nikamwona Mzee Mkude mstari wa mbele, amekunja mikono, nikanyoosha kidole. Kidole kimoja tu, na balaa lote likaingilia hapo.

Na niseme ukweli, nilianza vizuri. Nikawaonyesha kwamba kiwiko mchoraji amekichora kwa mstari mkavu, kinaonekana wazi kabisa, lakini kiganja amekipaka karatasi ikiwa bado imelowa, rangi ikasambaa, hata huwezi kuhesabu vidole, kwa sababu mkono unaokwenda mbio jicho haliuwahi. Nikawaonyesha shingo imelala upande huu na ngoma imelala upande ule, hakuna kilichosimama wima, ndiyo maana ukiitazama unahisi jamaa ataanguka na bado haanguki. Uso hana, ni doa la kahawia tu, na karatasi nyeupe imeachwa wazi pale jasho linapong'aa. Kina mama wakaanza kutikisa mabega. Mzee Mkude akaguna, "Mh, mwalimu anaona." Kichwa kikanivimba.

Katibu ndiye aliyeniharibia, au niseme alifungua mlango nikaingia mwenyewe. "Ndugu mwalimu," akasema, "nguvu hiyo inamsaidia nini mkulima?"

Ningejibu kwamba mkulima naye hucheza, yangekwisha. Lakini katibu alikuwa na daftari, na mkwe wangu mtarajiwa alikuwa mkulima hodari asiyependa wavivu, basi nikapandisha sauti ya mkutano wa hadhara, nikasema ndugu wananchi, tazameni nguvu inavyopotea, mkono huu ungeshika jembe ungelima eka mbili kabla ya chai, mtu huyu anatoa jasho lakini hatoi muhogo, na anayekula bila kulima tunamwitaje? Nikajijibu mwenyewe: "Kupe."

Katibu peke yake akapiga makofi. Kina mama walikuwa wamegeuka nyuma, na huko nyuma, karibu na magunia, akainuka mzee mmoja mwembamba, akavua kofia.

"Mwanangu, hujambo," akasema. "Mimi ndiye huyo kupe wa pichani. Nimeshuka kutoka Kinole na mikungu minne ya ndizi niliyolima mwenyewe. Nimesikia kuna mwalimu anamtaka mpwa wangu, nikasema nije nimwone, kwa vile yeye mlima umemshinda."

Nikasema shikamoo. Ilichelewa mno, na ghala zima likacheka, hata katibu, ambaye aliandika kitu kwenye daftari lake.

Nikamkimbilia Mzee Mkude nje, nikamshika mkono, nikamwambia mzee, wewe ndiye baba, sema neno. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu, mimi pale nimeoa tu. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mkubwa wao ndiye huyo uliyemwita mdudu. Sukari yako nimeinywa, lakini binti sina."

Kinole nikapanda, safari tatu, na kila mara mjomba alinipokea vizuri, akanilisha ndizi, halafu akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona kupe akiozesha. Fides alinisubiri mpaka mavuno, akalia, nami nikalia, kisha akaolewa na fundi cherehani ambaye siku ya kwanza tu alianzia kwa mjomba.

Tangu hapo mtu akinionyesha picha ya mtu, hata ya kalenda, sifungui mdomo kabla sijauliza huyu ni mjomba wa nani.