Muuza Dizeli wa Senafe

Muuza dizeli wetu hapa Senafe, mji wa mpakani, husalimia kwa bega, kama wapiganaji wote wa zamani: gonga, gonga, gonga, kisha kicheko kikavu. Mikono yake haiachi kufuta mpira wa pampu. Juzi serikali ilipiga marufuku walinda amani wa kimataifa kuuziwa mafuta. Jana mtegua mabomu wao alishuka garini, akamtolea bega. Muuzaji akainamia pampu, akafuta.

“Dizeli imekwisha, ndugu yangu.”

“Acha utani, mzee! Lori lile si umelijazia sasa hivi?”

“Serikali imekataa.”

“Basi magari yetu hayatatoka, na njia ya kisimani itabaki na mabomu ya ardhini.”

“Najua,” alisema chinichini, bila kuinua macho. “Lemlem, binti yangu, huteka maji huko.”