Jina Langu Lilicheza Ligi Kuu

Siwezi kusimulia habari za kaka yangu bila kijicho, na sitajisumbua kukificha. Anayetaka kusikia sifa tupu aje mtaani kwetu, nyuma ya soko la Bazurto hapa Cartagena, amshike mkono mtu yeyote barabarani. Atasimuliwa mpaka miguu ife ganzi. Mimi nitasema yaliyokuwapo, na pale roho inaponiuma nitasema inaniuma.

Tulizaliwa wawili. Kaka yangu alipewa jina la Amaury. Miaka miwili na nusu baadaye nikaja mimi, nikabatizwa Wilfrido. Baba hatukumjua sana. Mama yetu, Nubia, alikaanga arepa za mayai, maandazi ya unga wa mahindi, kwenye kona, na mafuta yake ndiyo yaliyotusomesha mpaka tukakataa kusoma. Tulichokitaka ni besiboli. Wote wawili tulicheza nafasi moja, ya mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo mpira unakuja ukiruka ruka ardhini kama panya aliyefukuzwa jikoni, na ni lazima uudake na kuutupa kituo cha kwanza kabla aliyeupiga hajafika. Mikono mizito haina kazi pale.

Tulijifunza kwa vizibo vya soda na mpini wa ufagio. Kizibo kikipigwa hakiendi kinakotazama. Kinapinda, kinazama, kinakuja kukutafuta jicho. Mimi nilikuwa navidaka kwa mkono mtupu, kulia na kushoto, na wazee waliokuwa wakicheza domino mlangoni waliacha domino zao wakanitazama. Kaka alikuwa mrefu, ana mabega, anatupa mpira mpaka unalia. Lakini mpira ukimjia upande wa kulia, pale unapolazimika kugeuza mkono na kuuchota kinyume, alibabaika. Mimi upande wa kulia ndiko nilikokuwa nyumbani. Kocha wetu Eustorgio, ambaye sote tulimwita Profe, yaani mwalimu, alijua hivyo. Mechi ikiwa na maana, alinipanga mimi pale katikati, na kaka akampeleka kituo cha pili. Kaka alikuwa ananuna siku nzima. Kumbe yeye ndiye aliyeanza wivu, mimi nilirithi.

Siku msaka vipaji wa Kimarekani alipokuja, nilidaka kila kitu. Akaandika kidogo. Kisha kaka akatupa mpira mmoja kutoka ukingoni mwa nyasi, ukafika kituo cha kwanza bila kugusa chini, na yule bwana akavua miwani. Wenye mikataba hununua mabega. Mikono, wanasema, itafundishwa.

"Huyu mrefu ana umri gani?" akauliza.

"Kumi na minane na nusu," Profe akajibu.

Yule bwana akavaa miwani yake. Alisema angekuwa na kumi na sita angemchukua kesho yake. Kwa umri ule, machoni pa wanaosaini vijana, kaka alikuwa kesha chacha.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, Profe alikuja kwenye kona ya Mama. Mimi nilikuwa nakuna nazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Doña Nubia, kijana wako mkubwa kachelewa."

"Kachelewa wapi? Hata ndevu hana."

"Ndiyo raha yake hiyo. Hana ndevu, na hajaenda hata kuchukua kitambulisho, mvivu yule. Mpe cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake."

Mama aligeuza arepa moja, akaigeuza tena. "Na huyu mdogo siku akitakiwa?"

"Huyu bado mtoto. Siku yake ikifika tutamchukulia cheti cha binamu. Mabinamu mnao wangapi?"

"Kama utitiri."

"Basi unaogopa nini?"

Hakuna aliyeniuliza. Niliendelea kukuna nazi mpaka nikajikuna vidole.

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyokuwa Wilfrido Marrugo, na mimi nikawa Amaury. Mama alitufundisha kwa kandambili. Akiita "Wilfrido" nikageuka mimi, nilipigwa. Mtaa mzima ulifundishwa pia. Mwenye duka, fundi wa redio, wacheza domino, hata bibi kipofu wa jirani aliyetutambua kwa nyayo, wote walijizoeza, maana mtu wetu akifika Marekani ni heshima ya kila mlango. Wiki ya tatu nilikuwa nageuka nikiitwa Amaury. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, jinsi lilivyokuwa rahisi.

Asubuhi ya kuondoka, kaka alinikumbatia nje ya uwanja wa ndege. Alikuwa analia kwelikweli, nisimsingizie.

"Nitakutumia glovu," akasema. "Glovu ya wenyewe."

"Nirudishie jina tu."

"Acha zako, Amaury."

Tulikuwa wawili peke yetu pale. Hakuna aliyekuwa anatusikia. Na bado aliniita Amaury.

Alipelekwa kwanza chuo cha besiboli huko Jamhuri ya Dominika, akakaa misimu miwili. Alipiga simu kila Jumapili. Mama aliweka simu kwa sauti ya juu ili majirani wasikie. Wanalishwa nyama mara tatu kwa siku. Wanafundishwa Kiingereza. Kocha anasema Wilfrido ana mkono wa dhahabu, ila bado anapata shida upande wa kulia. Nikisikia hilo la mwisho moyo wangu ulichangamka, nikaona aibu, kisha ukachangamka tena.

Glovu alituma kweli. Ilinukia ngozi mpya, na ndani ya kiganja alikuwa ameandika kwa kalamu: Amaury. Niliivaa kwa sababu sikuwa na nyingine.

Nilicheza nayo mashindano ya Montería nikiwa na miaka kumi na minane na miezi kadhaa. Sikukosa mpira hata mmoja kwa siku tano, na mwili ulikuwa umeanza kujaa. Siku ya mwisho msaka vipaji wa timu nyingine, mtu wa Venezuela mwenye kofia ya majani, alinifuata kwenye kivuli nilikokuwa nakunywa maji.

"Kijana, wewe mikono hiyo umeitoa wapi?"

"Vizibo vya soda."

Akacheka. "Una miaka mingapi?"

Nilifungua mdomo kusema kumi na minane. Profe, aliyekuwa nyuma yangu, akawahi: "Ishirini na mmoja, karibu." Ndivyo cheti changu kipya kilivyosema.

Yule mtu aliacha kucheka. "Kumi na minane ningekupa mkataba leo. Sisi tunaweza kusubiri mkono wa namna hii hata kwa kuchelewa kidogo. Ishirini na mmoja sina la kufanya." Akanipa kadi yake hata hivyo. "Kama kuna kosa kwenye makaratasi yako, nipigie kabla ya Krismasi."

Nilimwomba Profe cheti cha binamu. Alisema siku hizi wanachunguza sana, tungefungwa wote. Kwa hiyo nilikuwa na miezi miwili ya kuwa mimi tena, na njia moja tu, ambayo ni kumwangusha kaka.

Njia hiyo ilikuja yenyewe na mkoba wa karatasi. Kaka alikuwa karibu kuvushwa Marekani, na kabla ya kumwombea viza timu yake ilimtuma mtu kutoka Bogotá kuhakiki umri wake. Alikuwa cachaco hasa, kama tunavyowaita watu wa huko milimani, shati la mikono mirefu na jasho mpaka kwenye soksi. Siku mbili alizunguka mtaani akiuliza. Siku mbili mtaa mzima ulimdanganya kwa furaha. Bibi kipofu alimwambia alimwona Wilfrido akizaliwa.

Nilimtazama akipita na nikahesabu siku. Usidhani sikumfikiria kaka. Nilimfikiria. Nilimwona katika kile chumba chenye kiyoyozi, na nyama zake tatu, akiitikia jina langu bila hata kusitasita, na roho ilinichoma mpaka nikakosa mate.

Siku ya tatu mchana nilimkuta yule cachaco kwenye kibanda cha chakula sokoni, anakula supu ya samaki peke yake. Nikavuta kiti.

"Bwana, mimi ndiye Wilfrido Marrugo. Yule uliyekuja kumchunguza ni kaka yangu mkubwa."

Niliyasema yote. Profe, arepa, kandambili. Nilisema nina miaka kumi na minane na kuna mtu wa kofia ya majani anayenisubiri. Hakunikatiza. Alipomaliza mfupa mmoja alijipangusa vidole taratibu, akafungua mkoba, akatoa karatasi moja.

"Una kitambulisho?"

Nikatoa. Kilisema Amaury. Yeye hata hakukitazama kwa muda mrefu.

"Mama yako nilizungumza naye siku ya kwanza," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa na sura ya mtu anayemwonea mwingine huruma. "Aliniambia utakuja. Nimeandika hapa. 'Mwanangu mkubwa hakuchaguliwa, na wivu umemwingia. Atakuja kukwambia yeye ndiye Wilfrido. Naomba usimkasirikie.' Majirani watano wamenieleza hivyo hivyo, tena bila kuulizwa. Kwamba una kijicho na mdogo wako tangu utotoni."

"Si mdogo wangu."

"Ndiyo, hilo pia walisema utalisema."

"Lete mpira," nikamwambia. "Twende uwanjani sasa hivi. Nitakuonyesha."

"Kijana, mpira hauna tarehe ya kuzaliwa."

Alinilipia soda, ambayo sikuinywa. Kilichonimaliza ni kwamba kuhusu kijicho hawakumdanganya. Katika yote waliyomwambia siku mbili zile, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Sikumwuliza Mama. Nilirudi nyumbani, akanipakulia chakula, na alinijazia sahani kuliko kawaida. Nilikula. Krismasi ikaja ikapita. Nikajifunza kuchomelea vyuma, na madirisha mengi ya mtaa ule leo yana nondo zangu.

Kaka alivuka. Arizona, kisha Iowa, kisha mji mmoja wa Alabama ambako alisafiri kwa basi masaa kumi na moja ili kucheza mbele ya watu mia tatu. Alivunjika kidole akapona. Alikaa miaka sita akipanda ngazi, na mwaka wa saba walinzi wawili waliokuwa mbele yake wakaumia wiki moja, akaitwa ligi kuu. Siku ishirini na tatu. Mchana wa mechi yake ya pili redio iliwekwa mlangoni kwa Mama na barabara ikafungwa. Akapiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza salama, na mtangazaji akalivuta jina langu mpaka pumzi ikamwishia. Wilfrido Marrugo, Mkolombia, mtoto wa Cartagena. Watu waliruka, wakanimwagia bia. Mtu akanibeba mabegani kwa kuwa mimi ni ndugu yake. Nililia na wote wakadhani ni furaha. Ingekuwamo furaha hata kidogo, ningesema.

Kisha walinzi wale wakapona. Akarudishwa chini, akaachwa, akacheza Meksiko, akacheza Nikaragua, na kila msimu wa Desemba akarudi kucheza ligi yetu hapa. Nilikuwa nakata tiketi na kukaa nyuma ya kituo cha tatu. Ukipigwa mpira upande wake wa kulia, glovu inachelewa, unapita, na mimi mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshafika pale, kwenye paja langu, umefumbata hewa. Goti lake lilipokwisha akaacha. Sasa anafundisha watoto, na uwanja una bango lenye jina langu. Anakuja kwangu Jumamosi, tunakunywa. Ni mtu mwema. Hata hilo namwonea wivu, maana wema humjia kwa urahisi aliyepata.

Mwaka huu, Jumapili moja kabla ya chakula, nilimkuta Mama anamenya mihogo. Amezeeka, kandambili hazimtishi mtu tena. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimelitafuna swali hilo, na likatoka bila kupangwa.

"Mama, kwa nini yeye?"

Hakujifanya hakuelewa. Aliukata muhogo vipande viwili, akautumbukiza majini.

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa fundi," akasema. "Kila mtu aliona. Profe aliona, mimi sijui mpira na niliona. Yule bila kusaidiwa asingefika popote. Nikasema huyu wa mikono, hata tukimnyang'anya jina, watamtafuta tu."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Nilimwomba aseme tena, naye akasema tena, polepole, kwamba mimi ndiye niliyekuwa fundi. Sikuwahi kulisikia neno hilo kwa mtu yeyote tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Kisha akapangusa mikono kwa aproni, akachungulia mlangoni kuona kama kaka anakuja.

"Lakini usimwambie ndugu yako," akasema. "Ataumia."