Magari Sita kwa Kadi Moja

Si kweli kwamba mume wangu alifukuzwa kazi kwa kukimbiza gari. Wala si kweli kwamba alikuwa na nyumba ndogo. Wifi yangu, ambaye hupenda kusema kwamba lisemwalo lipo, ameyarudia hayo mawili hata mbele ya wajukuu zangu. Kwa hiyo nayaandika yaliyotokea, nikiwa na akili timamu na miwani mipya.

Kwa miaka ishirini na sita marehemu alipeleka dawa kutoka bohari hadi kwenye zahanati na maduka ya mjini. Wenzake walimwita Kobe, naye hakukasirika. Akifika kwenye kivuko cha shule alisimama hata Jumapili, shule imefungwa, akatazama kushoto na kulia kana kwamba watoto wamejificha mahali. Siku moja tukienda harusini, baiskeli ilitupita mlimani na mwenyewe akatupungia mkono. "Mwache awahi," akasema mume wangu, "bibi harusi si wake." Tulifika watu wanakunja viti.

Pale bohari alikuwa na desturi yake. Magari yalikuwa sita, yote ya dizeli na yote yamechoka. Ukiyaondoa bila kuyapasha moto, yalikohoa na kuzima kwenye mlima wa kwanza. Basi yeye alifika kabla ya wote, akapita gari hadi gari akiyawasha, ili wenzake wakute injini tayari. Kisha alifuta kioo cha gari lake, namba moja, kwa gazeti la jana. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka wake wa mwisho kazini, ofisi ilifunga vifaa katika magari yote. Kila dereva alipewa kadi ya kugusisha chini ya usukani ndipo gari liwake. Kuanzia hapo kifaa kiliandika mwendo, njia na kila mahali gari liliposimama. Madereva hawakuulizwa kama wameridhika. Waliambiwa wasaini, wakasaini. Kobe alitia kadi yake kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu, na asubuhi akaendelea kama kawaida.

Mwezi haujaisha, karatasi ikabandikwa ukutani, pale madereva wanapochukulia chai. Jina lake lilikuwa juu kabisa: amevuka kikomo cha mwendo mara arobaini na moja. Chini ya hapo paliorodheshwa mahali aliposimama, mojawapo nyumba ya wageni, saa moja na dakika kumi asubuhi, mara tatu.

"Mzee Kobe!" fundi wa magari akapiga kelele. "Kumbe chini ya gamba kuna injini ya ndege!"

"Na nyumba ya wageni asubuhi asubuhi!" akadakia dereva wa gari namba nne, akicheka kuliko wote. "Mzee, hata chai hujanywa?"

Alirudi nyumbani na barua. Ajieleze ndani ya siku saba, la sivyo ataachishwa kazi. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Aliketi sebuleni na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama watoto, hebu nisomee wewe. Huyu ni mimi?"

"Ni jina lako."

"Jina naliona. Nauliza kama ni mimi. Au siku hizi nasinzia nikiendesha?"

Nakiri kwamba kwa saa nzima nilimtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Mtu niliyemlaumu maisha yangu yote kwa kuchelewa, leo naambiwa anapaa! Wifi naye alikwishapiga simu kutupa pole, na alikuwa na furaha isiyofichika.

Kesho yake nilimwambia aombe taarifa kamili. Akaleta rundo la karatasi, nikazitandaza mezani. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, namba hazinitishi. Lakini hizi zilinichanganya. Jumanne, saa moja na dakika tano, mume wangu alikuwa juu ya daraja, mwendo themanini na nane. Dakika mbili baadaye alikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Dakika moja tena, yuko sokoni. Nikafuta miwani. Nikazipanga upya karatasi, mambo yakazidi kuharibika.

"Baba, asubuhi huwa unafanya nini hasa?"

"Nawasha magari."

"Lako?"

"Yote."

"Kwa kadi ya nani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza amevaa suruali ya nani. "Yangu. Si ni ufunguo tu? Wenzangu wakikuta injini inawaka, wanaondoka, hawagusishi tena zao."

Tulikwenda wote kwa ofisa usafirishaji, kijana mwenye adabu na kompyuta kubwa.

"Mama, kifaa hiki hakikosei," alisema.

"Basi mwanangu, nionyeshe huyo mtu aliye mahali patatu kwa dakika tatu, nami nitamwamkia."

Akatazama kioo cha kompyuta, akatutazama sisi, akarudi kwenye kioo. Gari namba moja, mwezi mzima, halikuwahi kufika hata hamsini. Makosa yote, pamoja na ile nyumba ya wageni, yalikuwa ya magari mengine, katika safari ya kwanza ya asubuhi.

"Sasa mzee, nani alikuwa akiendesha?"

"Kifaa chako kinajua kila kitu. Kiulize."

Hakumtaja mtu. Kijana akakuna kichwa, akafuta makosa yote arobaini na moja. Nilikwisha kuinuka aliposema:

"Limebaki moja. Gari namba moja, ulilokuwa ukiendesha mwenyewe. Kila Alhamisi, saa saba mchana, linasimama dakika ishirini na tano kwenye nyumba yenye geti la bluu. Pale hatuna mteja."

Nikaketi tena. Geti hilo nami nililisikia kwa mara ya kwanza.

"Saa saba si saa ya chakula?" aliuliza mume wangu.

"Ndiyo, mzee."

"Kuna Alhamisi dawa zilichelewa?"

"Hapana."

"Basi umeuliza mwendo, nimekujibu. La geti si la mwendo."

Kijana akanigeukia kana kwamba mimi ndiye nitamsaidia. Nikamwambia, "Umemsikia."

Barua ilifutwa. Alimaliza miezi yake minne na kustaafu kwa heshima. Cheti kipo ukutani, aje akisome anayetaka. Ofisi ilimkataza kugusa magari ya wenzake, na asubuhi yakarudia kukohoa. Karatasi ya ukutani iliondolewa baada ya kila mtu kuisoma. Mpaka leo sielewi chombo kinachojua geti lina rangi gani kinashindwaje kujua nani ameshika usukani.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza habari za Alhamisi. Alinijibu. Jibu lilinishangaza, na sehemu yake nyingine sijaielewa hadi sasa, lakini alinijibu kwa sababu ni mkewe. Wifi aliniuliza hata msibani, kaburi halijakauka. Nikamwongezea chai. Pilipili iko shamba, yamuwashia nini?

Nyuma ya geti lile hapakuwa na aibu ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo sisemi.