Vidonge vya magoti nilivyowaletea

Mum amevunjika mkono leo asubuhi akikamua blanketi.

Hakuanguka. Alikuwa anakamua tu, hapo nje kwetu Makongeni, nikasikia "ka!" kama kijiti.

Daktari ameangalia eksirei. Halafu, badala ya kuuliza mambo ya mkono: "Mama anameza dawa gani?"

Nikajibu nikijisifu. Vidonge vya miti shamba, nilimletea kutoka soko ya Githurai. Magoti yalikuwa yamemsumbua, saa hii anajipeleka kanisa.

Akaitisha kopo. Halina hata jina.

Akanieleza pole pole. Kwa mfupa kuna seli zinakula mfupa mzee na zingine zinajenga mpya, na zinatumiana ujumbe siku yote. Anashuku vidonge vimechanganywa na steroidi. Hiyo inatuliza maumivu, lakini inanyamazisha zile za kujenga.

Za kula zinaendelea.

"Na asiache ghafla," akasema. "Mwili unaweza kugoma. Tutampunguzia sisi."

Mum akaniangalia. "Na wale wamama wa kanisa?"

Ngai, Mungu wangu.

Niliwaletea kumi na wawili. Jumapili walipiga magoti bila kushikiliwa. Nikawapiga na picha.

Kama kopo ulipewa na mimi, usilitupe. Lipeleke hospitali leo, ukiwa nalo mkononi.

Nimepata kumi na mmoja. Mama Njeri hashiki simu. Aliye karibu naye Kamenu amgongee mlango, tafadhali.

Leo ndiyo siku yake ya kufua.