Kona ya Bi Mtande

Bi Mtande hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alibatizwa na wenzake wa kiwanda cha nguo, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama nyuzi za mtande zinazotandwa kwa urefu kwenye mashine ya kufumia, na kama nyuzi hizo, hakuwa wa kukatika ovyo. Aliingia kiwandani akiwa msichana, akaolewa na fundi mitambo wa humo humo, wakalea watoto kwa kupokezana zamu. Kisha kiwanda kikafungwa na mji mzima ukashika tama.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa na kelele za kuziba masikio. Kupaza sauti ilikuwa kazi bure, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu: unapanua kinywa, unalitamka kila neno bila sauti, na mwenzako aliye mbali analisoma. Umbea wote wa mji ulipita humo. Bi Mtande na wifi yake waliubeba ufundi huo hadi nyumbani, wakamsengenya mume wa Bi Mtande mezani, naye mwenyewe akiendelea kula na kuisifu nyumba yake kwa utulivu.

Miaka ikapita, majani yakaota mpaka juu ya paa la kiwanda. Halafu wakaja wajenzi. Majengo yale yangekuwa kampasi ya utafiti: maabara juu, maduka chini, nyumba za kupanga palipokuwa na maghala. Watu walifurahi, na Bi Mtande alifurahi kuwashinda wote. Ila alikitaka chumba kimoja, kile cha kona kinachotazama barabara, kiwe karakana ya wafumaji wa zamani. Wangefuma vitambaa na kushona makoti ya maabara. Ramani ilisema kona ile ni ya mkahawa. Wakiikosa, kazi yao ingekuwa kuchungulia kwa nje, kupitia vioo, mahali walipomalizia ujana wao. Hilo lilimuuma.

Mkutano wa wakazi uliitishwa ndani ya ukumbi ule ule, sasa umepakwa rangi nyeupe na kujazwa viti vya kukunja.

“Usiogope, wewe ongea tu,” mumewe alimwambia mlangoni.

“Kuongea nilianza kabla sijakujua wewe,” akamjibu.

Alipoitwa, alikwenda kusimama pale pale ilipokuwa mashine yake. Akapanua kinywa, akasema yote yaliyomkaa rohoni. Wenzake waliokaa nyuma waliitikia kwa vichwa, mmoja akafuta machozi, naye akazidi kupata moto. Mwenyekiti, mama mmoja mtafiti mwenye miwani, alikigonga kipaza sauti chake, kikalia vizuri tu.

“Samahani, mama,” akasema. “Huku mbele hatusikii kitu.”

Wifi mtu akasimama kule nyuma na kumsemesha kwa midomo: wifi, toa sauti, mashine zilishazimwa.

Bi Mtande alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha kicheko kikamtoka, na sauti ikafuata nyuma yake, nene kuliko mwili wake.

“Nisameheni. Miaka yote niliyofanya kazi humu sijawahi kusema kwa sauti. Naomba nianze upya.”

“Kabla hujaanza,” mwenyekiti akasema, “wale wa nyuma walikuelewa?”

“Waulize.”

Wifi akaieleza hotuba yote kwa mpangilio wake. Alipoacha kipande, sauti tatu zilikidakia. Ukumbi ukaangua kicheko, na mumewe, aliyeanza kuwa na mashaka na ule utulivu wa nyumbani kwake, akacheka kwa kuchelewa.

“Ndiyo hayo,” Bi Mtande akasema. “Sisi tunaelewana hivi, na tulijifunzia humu. Mkahawa unaweza kukaa popote. Sisi tukikaa kwingine, tutakuwa wageni.”

Wakubwa wa mradi waliinamiana, wakanong’ona kwa muda ulioudhi. Mwenyekiti akainua kichwa.

“Mkahawa utahamia uani. Kona ni yenu.”

Kule nyuma hakuna aliyesema kwa midomo mitupu tena. Walipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka, na Bi Mtande alilia hadharani bila haya.

Karakana ilifunguliwa msimu uliofuata. Enzi za kiwanda, wafumaji walitokea mlango wa nyuma, wakipekuliwa mmoja mmoja, hadi vilemba vikifunguliwa, wasije wakaiba hata kipande. Jioni ya kwanza Bi Mtande alitoka kupitia lango kuu, jora zima la kitambaa begani, akilipeleka kwa mteja. Mlinzi kijana alimfuata mbio. Mwili wa Bi Mtande ulisimama wenyewe, mikono ikaanza kuinuka ili apekuliwe.

“Shikamoo, mama. Nikupokee mzigo?”

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akaliweka jora sawa begani. “Niache nilibebe. Hili ni langu.”